Tupeane uzoefu: kwenu umaskini uliingia siku gani?

Mleta mada (Busia, Uganda)
Ndugu zangu, chuoni nasomea mambo ya umaskini wa familia. Tunafundishwa ardhi ndogo, watoto wengi, elimu duni. Sikatai, ila kwetu umaskini una tarehe. Mama alikuwa akivusha nyanya kwenda upande wa Kenya. Machi 2020, kwa sababu ya korona, mpaka ukafungwa kwa watu, mtaji tukaula wote ndani ya miezi miwili. Shule nazo zikafungwa, na zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2022 dada yangu alikuwa na mtoto mgongoni. Sare yake mama ameikunja, iko sandukuni hadi leo. Nyinyi je?

Mchangiaji 1 (Mbale)
Pole sana, ndugu. Kwetu ulikuwa ugonjwa wa baba. Hospitali za serikali ni bure tangu 2001, na kweli hakuna aliyetudai ada. Lakini dawa hazikuwepo. Kila siku tunapewa karatasi tukanunue nje. Aliondoka ng'ombe, kisha mbuzi, mwisho shamba la kahawa. Baba alipona, namshukuru Mungu. Msimu wa kahawa ukifika, mama huenda kibarua cha kuchuma kwenye shamba lile lile, analipwa kwa debe. Mibuni ile aliipanda yeye. Hupita mstari kwa mstari bila kusema neno, na mimi siwezi kumtazama.

Mchangiaji 2 (Kampala)
Pikipiki ya mkopo. Nikaugua malaria, marejesho yakapita, wakaja kuibeba. Mke na watoto wakarudi kijijini.

Mchangiaji 3 (Iganga)
Elimu ya msingi bure ilipoanza 1997, ilikuwa watoto wanne kwa kila familia. Sisi tulikuwa saba. Baba alituita jioni, akataja majina manne akitazama chini. Mimi nilikuwa wa tano. Sharti lilipoondolewa, tayari nalimia watu. Msimwite baba yangu mzembe, tafadhali. Usiku ule hakula.

Mleta mada
Dada wa Iganga, hilo la kuchagua sijalikuta kwenye kitabu chochote nilichosoma. Wale wanne walimaliza?

Mchangiaji 3
Wawili tu. Mmoja ni mwalimu sasa. Ndiye aliyenifundisha kusoma, jioni tukitoka shambani, kwa madaftari yake yaliyokwisha kujaa.