MREJESHO: Yule mkubwa wa zamu aliyekuwa ananifokea leba

Hamjambo wapendwa, mimi ndo yule mkunga mgeni hapa Malindi niliyeuliza nifanyeje na mkubwa wangu wa zamu, ananifokea mbele ya kina mama na kila rosta ananitupia usiku. Shukran sana nyote, hata yule aliyesema niache kazi (karo utanilipia wewe dadangu?).

Nilichofuata ni kuandika kila tukio, tarehe, saa na nani alikuwepo, halafu niende kwa matroni na daftari sio na machozi. Hiyo imefanya kazi kweli, manake alifungua pale pale nilipoitwa mjinga kwa kuhesabu uchungu umekolea mlango wa uzazi ukifika sentimita 5 badala ya 4, na WHO tangu 2018 wanasema 5, akasoma, akanyamaza, akaitisha rosta. Sasa usiku tunagawana na kufokewa mbele ya wagonjwa kumeisha.

Ile ya kumvuta huyo mkubwa wa zamu pembeni tuongee wawili haikufaa, alinisonya akaenda zake, na salamu mpaka leo haitikii. Chama cha wauguzi bado nawangoja.

Ila kuna mama mmoja mkunga wa zamani, sikumwambia kitu wallahi, huniwekea mahamri kwenye kitambaa na chai ya tangawizi, na nikiwa na mzazi mwenye uchungu mgumu huja akasimama kando yangu tu, haniondoi, haniharakishi. Yeye ndo amenifanya nisiombe uhamisho. Daftari bado naandika lakini.