Waliotoa antena ndefu ya redio ya pikipiki wakaweka fupi, tupeane uzoefu

Wakuu, pikipiki yangu ni ile kubwa ya safari, antena ya redio inakaribia sentimita 80, kila nikifunika turubai inanasa na juzi imenichapa shavu nikifunga mzigo. Nataka fupi. Aliyetumia aseme, wauzaji kaeni pembeni kwanza.

*Mtu wa Barabara*
Mimi niliweka ya sentimita 15 hivi, mjini safi kabisa nikaanza kujisifia, siku nimetoka nje ya mji kuna mechi, dakika za mwisho mtangazaji anapaza sauti "anapiga..." halafu shhhhh mpaka napanda kilima cha pili, nakuta matangazo ya biashara. AM ndo usiseme, ilikufa siku ileile.

*Fundi Waya*
Ile ndefu sio urembo jamani. FM iko kati ya 88 na 108 MHz, wimbi lake ni kama mita 3, robo yake sentimita 75, ndo urefu wa ile ya kiwandani. Fupi nzuri ndani ina waya umezungushwa koili, inasaidia ila haifikii ile ndefu. Nyingine ni magumashi, nilipasua moja ya mteja nikakuta kipande cha skrubu na ganda la mpira, basi. Halafu kabla hujanunua angalia ethi, yaani kitako cha antena kama kimegusana na chuma cha pikipiki, fungua kitako cha antena, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, weka mita ya umeme, ile inayolia umeme ukipita, kati ya kitako na fremu, isipolia hata ukifunga mlingoti haishiki.

*Kofia Ngumu*
Pimeni nyuzi za skrubu ya antena! Yangu ilikuja milimita 5, tundu ni la 6, nikajifanya mjanja nikaizungushia tepu ya mafundi bomba ikakaza vizuri tu, redio kimya, kumbe tepu inazuia umeme nami nimeifunga yote. Na yenyewe ikachomoka njiani, sijaiona tena. Adapta ya kutoka 5 kwenda 6 ingemaliza kazi.

*Bibie wa Gia*
Mimi nililaumu antena fupi wiki nzima, inakwaruza na nikivuta mafuta inakwaruza zaidi, siku simu imejaa nikachomoa chaja pale kwenye usukani, redio ikanyamaza kukwaruza. Ndefu ilikuwa inashika mawimbi mengi kelele ya chaja haisikiki, fupi ikaianika.

*Mleta mada*
Nimefungua kitako, rangi tupu, mita haikulia. Nimekwangua, sasa na hii ndefu nashika stesheni ambazo sijawahi kuzisikia. Nachukua ya sentimita 40 yenye koili, ndefu naiweka kwenye boksi la nyuma nikisafiri narudisha. Mtu wa Barabara, ile ilikuwa goli?

*Mtu wa Barabara*
Aligonga mwamba. Nilijua kesho yake.