Kikundi: ZIMAMOTO MTAANI, MANZESE (ziara ya Jumamosi)

Mjumbe: Hamjambo wanakikundi. Jumamosi saa 2 asubuhi tunaanza kupita kufundisha kujikinga na moto, nyumba 34, kila mlango dakika 10 basi. Nipeni cha kusema. Karatasi sichapishi tena, zinaishia kufungia vitumbua.

Afande Zimamoto: Shikamoo Mjumbe. Dakika 10 ziende kwenye mtungi wa gesi na funguo za mlango. Mengine watauliza wenyewe.

Mjumbe: Marahaba Afande.

Fundi Umeme: Umeme mmeutupa wapi? 😅

Afande Zimamoto: Subiri Fundi, zamu yako inakuja. Muuza Gesi atangulie.

Muuza Gesi: Huku mitungi mingi ni ya kilo 6, jiko linafungwa juu yake moja kwa moja. Pale kwenye koo kuna kipete cheusi cha mpira. Kikikauka au kikichanika, gesi inapita hata ukikaza mpaka mkono unauma. Watu wanazidi kukaza, ndiyo wanakimaliza kabisa. Kupima: sabuni ya maji kijiko kimoja, maji nusu kikombe, koroga. Paka kwa sponji kwenye koo na kila maungio, halafu fungua gesi bila kuwasha. Povu likivimba na kukua, inavuja. Funga, usipikie, badilisha kipete.

Mama Lishe: Wengi huku wanapimia kiberiti.

Muuza Gesi: Ndiyo maana Jumamosi nakuja na sabuni, wapime wao kwa mikono yao. Tukiwapimia sisi watatazama tu.

Afande Zimamoto: Ongeza hili. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi darini, inatambaa sakafuni na kujaa chini ya kitanda. Ukisikia harufu usiku usiwashe taa, na iliyowaka usiizime. Swichi inatoa cheche ukiwasha na ukizima. Funga mtungi, fungua mlango, toka na watoto. Simu piga ukiwa nje.

Kijana wa Bodaboda: Feni je? Si inasukuma gesi nje?

Afande Zimamoto: Hapana kaka. Kuiwasha ni cheche hiyo hiyo. Mlango unatosha, unafika mpaka chini.

Mama Lishe: Na koo la mtungi likishika moto, tumwage maji?

Afande Zimamoto: Kama valvu inafikika, loweka taulo, funika mkono, funga valvu. Haifikiki? Acha uwake, ondoa watu, piga 114, namba ya zimamoto. Ukiuzima moto gesi bado inatoka, chumba kinajaa, cheche moja inalipua kila kitu. Na mtungi usilazwe hata siku moja. Ukilala inatoka ikiwa kimiminika, na ikigeuka mvuke inatanuka karibu mara 250.

Mama Lishe: Karai la chipsi nalo?

Afande Zimamoto: Zima jiko, telezesha mfuniko au sinia la bati kuanzia upande wako, usiangushe kwa juu. Liache limefunikwa nusu saa, ukifunua mapema linawaka tena. Maji mwiko. Yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke ghafla, yanarusha moto mpaka kwenye turubai.

Mjumbe: Sinia la plastiki wasije wakachukua, nawajua 😂

Fundi Umeme: Zamu yangu. Nyumba ya vyumba 8, luku moja. Birika la wati 2000 ni kama amp 9, pasi ya wati 1000 ni amp 4 na kitu. Vyote kwenye ekstensheni ya waya wa 0.75 (unene, milimita za mraba), ambao ni wa amp 6 hivi. Breka ikikatika mtu anaita kishoka, fundi wa mitaani asiye na kibali, anawekewa ya amp 32 kwenye waya wa 1.5. Hapo waya unayeyuka ndani ya ukuta na breka imekaa kimya. Dalili: soketi ya moto ukiigusa, imebadilika rangi, au chumba kinanuka samaki na hakuna samaki. Hiyo ni plastiki inaungua.

Fundi Umeme: Halafu umeme ukikatika mtu anapiga pasi, achomoe. Ukirudi yeye yuko sokoni, pasi imelala kwenye shuka.

Mkalimani wa Alama: Samahani, nyumba ya bluu wapo mke na mume viziwi. Msiwapigie kelele dirishani. Nitakuja nao waoneshwe kwa vitendo. Usiku awepo jirani mwenye ufunguo wa akiba, aingie, amulike tochi usoni, amguse bega. 114 apige huyo jirani.

Mjumbe: Na bibi anayesema Kimakonde tu?

Mkalimani wa Alama: Mtu mzima amtafsirie, si mjukuu. Watoto wanaruka maneno ya kutisha.

Afande Zimamoto: Mzee asiyetembea mhamishieni chumba cha karibu na mlango, ongeeni na mwenye nyumba. Kumtoa, mlaze kwenye shuka nene, vuta upande wa kichwa, chini chini, moshi uko juu.

Kijana wa Bodaboda: Nondo za madirisha mbona hamzitaji?

Afande Zimamoto: Ndiyo nafika. Dirisha moja kila chumba liwe na nondo za bawaba, zifunguke kwa ndani. Kufuli la mlango, ufunguo utundikwe msumarini, urefu wa mtoto wa miaka 7, mbali na mkono wa mtu wa nje. Kila mmoja aufuate macho yamefungwa. Akipapasa zaidi ya sekunde 10, msumari uhamishwe.

Mjumbe: Walinzi wa Kimasai wanakesha, wapewe filimbi?

Afande Zimamoto: Wazo zuri. Na mpigaji wa 114 asiishie "Manzese". Aseme upande gani wa Darajani, kinachoungua nini, kuna watu ndani au hakuna. Mmoja akalipokee gari barabarani. Lina upana wa mita 2.5 hivi.

Kijana wa Bodaboda: Kwa fundi cherehani hapafiki hata 2.

Mjumbe: Kesho jioni napita na futi. Muuza Gesi, sabuni na vipete 20. Fundi, tester. Filimbi nanunua mimi.

Mama Lishe: Chai ya saa 4 iko kwangu. Karai nitaleta, lakini liwe baridi 🙏