Fundi amefomati laptopu yangu mara tatu bila kusoma kilichoandikwa kwenye skrini

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kwa wiki tano nimekuwa nikipanda matatu kutoka mtaa wa Zimmerman, Nairobi, hadi mjini na laptopu begani. Nimelipa mara tatu, nimepoteza kazi ya mahojiano yenye urefu wa saa kumi na moja, na mwishowe aliyeugundua ugonjwa wa mashine ni mimi mwenyewe, nimeketi kitandani usiku na simu mkononi. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeandikwa kwenye skrini tangu siku ya kwanza. Pale dukani hakuna aliyejisumbua kuusoma.

Kazi yangu ni kunakili mahojiano. Watafiti hurekodi watu wakizungumza, mimi nasikiliza na kuandika neno kwa neno. Laptopu hii ni ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza, Windows 10, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na diski ya SSD, na kwa miaka miwili haikuwahi kunisumbua. Kisha vitufe viwili vya kibodi vikakwama. Nikaipeleka kwenye duka moja katikati ya mji, ghorofa ya pili, wakabadilisha kibodi vizuri tu. Kijana aliponirudishia akasema, "Nimekuwekea na madraiva mapya yote, hiyo ni ofa." Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa kama kibodi au Wi-Fi. Nikamshukuru. Hayo maneno yashikeni, tutayarudia.

Siku chache baadaye nilikuwa napakia faili kubwa la sauti mtandaoni. Sauti kwenye spika ikaganda kwenye mlio mmoja, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa, kisha skrini nzima ikawa bluu. Asilimia zikahesabu hadi mia, ikajiwasha upya. Kesho yake ikarudia mara mbili. Mara ya pili niliwahi kuipiga picha.

Nikarudi kwa wale wale. Fundi aliitazama labda dakika mbili. "Madam, Windows imechoka hii. Tunaweka mpya, jioni unachukua. Elfu moja mia tano." Nikamwonyesha ile picha. Hata simu hakuipokea. Alisema hizo ni lugha za kompyuta tu, zisinisumbue. Nikamuuliza mara mbili kama faili zangu zitabaki, na mara zote mbili akanijibu, "Kila kitu kitabaki, siste."

Jioni nikaikuta tupu. Eti walijua nina bakapu. Rekodi za sauti nilikuwa nazo kwingine, lakini maandishi ya wiki ile yalikuwa kwenye laptopu peke yake. Mtu asiyeifanya kazi hii aelewe: saa moja ya sauti hunila saa nne hadi tano za kuandika, na hapo msemaji awe anasikika. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kitui anayezungumza polepole sana, ananyamaza katikati ya sentensi hadi unadhani rekodi imekatika. Nilikuwa nimemsikiliza zaidi ya mara ishirini ili nipate jina la kisima anachokitaja. Likaenda pamoja na mengine yote.

Siku tatu baadaye, bluu tena. Safari hii nikaambiwa, "Ni stima ya kwenu, inapanda na kushuka." Ilhali ilikuwa ikizima hata ikiwa kwenye betri, na nilimwambia hivyo. Fomati ya pili, elfu moja mia tano nyingine. Ikakaa siku mbili. Mara ya tatu likawa RAM imekufa. Wakatoa yangu, wakaweka nyingine kwa elfu tatu mia tano, na fomati juu yake. Tena nikaelezwa kwamba Windows 10 imefungwa na wenyewe ndiyo maana inasumbua. Ni kweli Microsoft ilikoma kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake ni kwamba masasisho ya usalama ya bure ya kawaida yamesimama. Mashine haianzi kuanguka ovyo kwa sababu ya tarehe kwenye kalenda.

Kutoka hapo balaa likawa mara mbili: bado inazima, na sasa kuwaka kwenyewe inachukua dakika sita. Nabonyeza, naenda kukoroga chai, narudi bado vidoti vinazunguka.

Usiku ule ndipo nikaifungua ile picha kwenye simu na kuikuza. Chini ya maelezo kulikuwa na mstari wa "Stop code", na mbele yake DRIVER IRQL NOT LESS OR EQUAL. Chini yake tena, "What failed", na jina fupi la herufi na tarakimu linaloishia na .sys. Nikaliandika lile jina Google. Jibu la kwanza kabisa: ni draiva ya kadi ya Wi-Fi. Nilikaa nikaitazama ile picha kwa muda mrefu. Elfu sita mia tano zimeniondoka na jibu nilikuwa nalo mfukoni.

Niwaeleze nilivyoelewa baada ya kusoma. Programu ya kawaida ikikosea, Windows inaifunga, unaendelea na mambo mengine. Draiva nyingi haziko hivyo. Zinafanya kazi ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, mahali pasipo na ukuta kati yake na kumbukumbu ya mashine nzima. Ikigusa kumbukumbu isiyopaswa kuigusa wakati ule, Windows inasimamisha kila kitu makusudi, ili data isiharibike zaidi. Hiyo ndiyo skrini ya bluu, ambayo kwenye Windows 11 za karibuni imekuwa nyeusi. Mnakumbuka tarehe 19 Julai 2024, ndege zilipokwama na benki kusimama duniani? Ilikuwa faili moja mbovu la sasisho, lililosomwa na draiva ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike, na Microsoft ilikadiria mashine milioni 8.5 ziliathirika. Kitu kidogo kikiwa kule ndani, kinaangusha nyumba nzima.

Na kila Windows inapoanguka hivyo, kwa kawaida huacha faili dogo la ushahidi kwenye folda ya Minidump ndani ya C:\Windows. Fundi anaweza kulifungua na kuona ni draiva gani. Kufomati ni kuosha damu sakafuni kabla polisi hawajafika. Walifanya hivyo mara tatu, na mara zote tatu nikalipishwa sabuni.

Sasa kwa nini ilikuwa ikipona siku mbili tatu kisha inarudia? Nilifungua Task Manager, upande wa Startup, nikaona programu ambayo sikuiweka mimi. Inajiita msaidizi wa madraiva. Ikiwaka kompyuta nayo inaamka, inatafuta "draiva mpya" kwa kila kifaa na kuiweka bila kuniuliza. Hiyo ndiyo ofa. Wanayo kwenye flashi yao pale dukani, wanaimwaga kwenye kila mashine inayopita mikononi mwao. Windows ikiwa mpya ilijiwekea draiva yake ya Wi-Fi iliyo sawa, nami nikapata siku mbili za amani. Kisha yule msaidizi anaibadilisha na toleo lisilolingana na kadi yangu, na ninapopakia faili kubwa, mashine inaanguka. Walikuwa wanaondoa ugonjwa na kuupanda upya kwa flashi ile ile, halafu wanailaumu stima.

Na dakika sita? Walikuwa wameniwekea antivirasi mbili za majaribio, zote zinaamka pamoja na kukagua faili zile zile. Ukitaka kupima usikisie. Ingia Event Viewer, daftari la matukio la Windows, halafu Applications and Services Logs, kisha Microsoft, Windows, Diagnostics-Performance. Tukio namba 100 linakupa muda wa kuwaka kwa milisekunde. Yangu ilisoma 347,000 na kitu. Namba 101 ni programu iliyochelewesha, 102 ni draiva, 103 ni huduma. Mimi nilikuwa na 101 mbili na 102 moja. Haya yote yako ndani ya Windows yenyewe, hayanunuliwi.

Jambo jingine lililoniudhi: kila nikienda kuchukua, wananizimia na kuniwashia mbele yangu. "Unaona? Iko sawa." Tangu Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Kikiwa kimewashwa, ukibonyeza Shut down, kiini cha mfumo pamoja na madraiva huhifadhiwa kwenye diski, na ukiwasha vinarudishwa vilivyokuwa. Draiva haianzi upya. Anayetaka kuianzisha mashine upya kikweli abonyeze Restart. Kwa hiyo hata lile jaribio lao halikupima kitu.

Nilivyoitibu. Nilishika Shift nikabonyeza Restart, nikaenda Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, nikachagua 4, Safe Mode, yaani Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu. Huko mtandao hauwashwi, draiva ya Wi-Fi haipakiwi. Nikaiacha ikae saa mbili na nusu, haikuzima hata mara moja. Kwa RAM iliyokufa au stima mbaya, huenda ingezima. Mwenye mashine iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la data la Windows, atafute kwanza ule ufunguo wake wa tarakimu 48, maana anaweza kuulizwa njiani.

Nikarudi kawaida Wi-Fi ikiwa imezimwa. Nikaondoa yule msaidizi na antivirasi zote mbili, ulinzi wa Windows wenyewe ukarudi kazini. Kisha Device Manager, kadi ya Wi-Fi, Uninstall device, na hapa msikose kutia alama kwenye kile kisanduku cha kufuta na faili za draiva, la sivyo inarudi ile ile. Nikaunganisha simu kwa kebo ya USB nitumie bando, nikaingia tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, nikaandika namba iliyo kwenye kibandiko chini ya mashine, nikapakua draiva ya modeli yangu hasa. Restart. Ilikuwa saa nane usiku. Nikapakia faili la GB 2 nikilitazama hadi mwisho, mikono imenilowa jasho.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Haijazima. Inawaka kwa sekunde thelathini na nane.

Sisemi mafundi wote ni hivi, najua wapo wanaokaa na mashine usiku kucha. Lakini mtu anayepokea pesa za ugonjwa asioutazama, anayekuhakikishia faili zitabaki huku kidole kiko kwenye kitufe cha kufuta, huyo amenidhulumu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinanipa haki ya huduma yenye ubora unaofaa na ya kupewa habari ninazohitaji ili niifaidi. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na si lazima uwe na wakili. Risiti zote tatu ninazo, pamoja na ujumbe wa M-Pesa na ile picha yenye tarehe.

Jumatatu asubuhi narudi pale ghorofa ya pili. Nataka elfu sita mia tano zangu. Nataka wanieleze mbele ya wateja wengine nani aliruhusu ile programu iwekwe kwenye mashine yangu. Aliyewahi kudai pesa kwa fundi kupitia mahakama hiyo, naomba aniambie alianzaje na ilimchukua muda gani. Na kile kijiti changu cha RAM walichokitoa wakisema kimekufa, kilikuwa kizima. Wanirudishie.