Mkebe wa mninga wenye mfuniko: kiungo kikae wapi usionekane mzito?

FundiKizota
Wakuu, habari za kazi. Nakereza mikebe ya mninga ya kuwekea majani ya chai. Kipenyo milimita 80, kimo 80, mfuniko 40 na chombo 40. Ukuta ni mm 7. Ubavu umetuna katikati, pale pale kwenye kiungo, yaani mfuniko unapokutana na chombo. Ukiwa mezani unaonekana mfupi na mzito, na maua ya mbao (michoro ya nyuzi) yanakatika kwenye kiungo, hayafuatani. Halafu mfuniko unaoingia vizuri leo unabana baada ya wiki kadhaa. Kuna oda ya mpingo ya kwenda Dar, kwa hiyo nataka nirekebishe kabla ya kugusa mti wa bei. Naombeni mwongozo.

Seremala_Chamwino
Mkuu, vipimo vyako vimejibu swali. Kimo sawa na kipenyo, mfuniko sawa na chombo, na unene mkubwa, pale ubavu ulipotuna, upo katikati. Kila kitu ni nusu kwa nusu, jicho halijui liangalie wapi.

Anza na uwiano wa 2 kwa 3: kipenyo 80, kimo 120. Ukitaka wembamba zaidi, zidisha kipenyo kwa 1.618, utapata kama 129. Mfuniko uchukue theluthi moja ya kimo, yaani 40, chombo 80. Unene mkubwa uushushe au uupandishe, mradi usiangukie nusu ya kimo wala usikae pale pale kwenye kiungo. Ukiwa chini mkebe unatulia. Ukiwa juu, karibu na bega, unakuwa mwepesi, ila kitako kisipungue nusu ya kipenyo, la sivyo utaanguka mfuniko ukivutwa. Ukingo wa chini kabisa uchonge mshazari wa mm 2. Kivuli kinachoingia pale kinaunyanyua mkebe mezani.

Kabla ya kuwasha mashine kunja karatasi, chora nusu ya umbo kwenye mkunjo, kata kwa mkasi, ikunjue na uibandike ukutani. Utaliona kosa kwa gharama ya karatasi.

mpingo_na_mninga
Naungana na Seremala kwenye unene, lakini theluthi si sheria. Mkebe ulionyooka ubavuni unapendeza hata mfuniko ukiwa robo. Wenye bega, kiungo kikae pale mkunjo unapobadilika, hata kama si theluthi. Njia rahisi: gogo likiwa bado zima na mashine imezimwa, livishe mpira wa bendi, usogeze juu na chini, rudi nyuma hatua tatu uangalie. Ukiridhika, weka alama ya penseli.

Kuhusu maua kukatika: ulimi unaoingia kwenye mfuniko unachongwa kutoka kwenye mbao ile ile. Ulimi wa mm 8 na upana wa patasi ya kukatia mm 3 ni mm 11 za maua zilizopotea. Ulimi ufupishe hadi 5 au 6, tumia patasi nyembamba ya mm 2, na chagua gogo lenye nyuzi zilizonyooka kufuata urefu. Nyuzi zikilala mshazari hutafanikiwa. Gogo la mkebe wa 120 likatwe 160 hivi, kwa sababu ulimi, mkato na sehemu za kushikwa na taya za mashine kila upande zinakula urefu. Watu wengi wanasahau hilo, mfuniko unatoka mfupi na uwiano wote unaharibika.

Utaratibu ni huu. Chimba mfuniko kwanza na umalize ndani yake. Kisha chonga ulimi kwenye chombo mpaka mfuniko uingie kwa kubana. Kereza nje vyote viwili vikiwa vimeungana, ili mstari wa ubavu upite kiungoni bila kuvunjika. Ndipo utoe mfuniko na kuchimba chombo. Ulimi ulegeze mwisho kabisa, kwa sababu chombo kikishachimbwa mbao inajikunja kidogo.

Ukuta wa mm 7 ndio uzito wako. Kiungoni, kipenyo kikiwa 75, mdomo wa mfuniko uwe na ukuta wa 4, kwa hiyo ulimi ni 67 kwa nje. Ulimi ukiwa na unene wa 3, mdomo wa chombo ni 61. Chini ya ulimi panua kwa ndani mpaka ukuta ubaki 4 au 5. Kitako bakiza 6.

Dom_Ukerezaji
Kubana: mbao hutanuka kukatiza nyuzi, karibu haitanuki kufuata urefu, tena kwenye mzingo wa pete za mti hutanuka karibu mara mbili ya upande wa kuelekea kiini, yaani kitovu cha gogo. Tundu la mviringo linakuwa yai. Mfuniko na chombo vya gogo moja vinakuwa yai kwa pamoja, ila ukiuzungusha mfuniko robo duara vinakabana. Weka alama ndogo ndani inayoonyesha nyuzi zinapokutana.

Kiangazi cha Dodoma, Juni hadi Oktoba, mbao inakauka sana. Ikifika Dar inanyonya unyevu na kutanuka. Oda ya pwani legeza zaidi, mfuniko udondoke wenyewe ukigeuza mkebe. Usipime ulimi ukiwa na joto la msasa, subiri upoe.

Mninga hautembei sana. Mpingo ni mzito na unakauka polepole, na kiini chake, kile kitovu cha katikati kabisa, hupasuka, kwa hiyo kata nje ya kiini, paka nta kwenye ncha, chimba nusu nusu ukibakiza ukuta wa mm 10, uweke kivulini wiki kadhaa ndipo umalize. Vaa barakoa, vumbi la miti yote miwili linasumbua kifua.

FundiKizota
Nimeelewa, asanteni. Na kishikio cha juu, je? Na mapambo ya pete?

mpingo_na_mninga
Kishikio robo ya kipenyo cha mfuniko au chini kidogo, na shingo yake isipungue mm 8. Kichonge kwenye gogo lile lile ili nyuzi zisimame wima; kishikio chenye nyuzi za kulala kinavunjika shingoni. Mninga uache bila pete, maua yanatosha. Mpingo mweusi hauonyeshi maua, macho yanabaki kwenye umbo tu, kwa hiyo hapo pete moja nyembamba juu kidogo ya kiungo inafaa, na inaficha mstari.