Naomba ushauri: fimbo na rili ya kwanza ya kuvulia samaki wa maji baridi

Wakuu, habari zenu. Nimezoea mshipi wa mkononi, sasa nataka fimbo na rili (kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi) yangu ya kwanza, kwa samaki wasiozidi kilo 2 hivi. Juzi niliazima ya rafiki, ile rili inayokaa juu ya fimbo. Kurusha mara ya tatu tu, mshipi ukajisokota kama nywele zisizochanwa wiki nzima; jioni yote nikaimalizia kufumua mafundo, samaki hata mmoja sikuonja.

Kwa hiyo naegemea rili ya kuning'inia chini, saizi 2500, na fimbo ya futi 6 na nusu, ugumu wa kati. Au nichukue futi 7, maana navulia ukingoni? Na mshipi je, nailoni ya kawaida au wa kusuka?