Tupeane uzoefu: Pigo gani linakumaliza kwenye gemu za panga?

Mzee wa Rungu
Wakuu, kule kwenye uzi wa bunduki kuna mdau kauliza "mbona nakinga na bado napigwa?" akajibiwa "fanya mazoezi". Hilo si jibu. Hapa tuongelee gemu za panga, rungu na ngumi zinazochezwa kwa macho ya mhusika mwenyewe: Chivalry, Mordhau, Kingdom Come, hata Dark Messiah ya 2006. Kila mtu ataje hali inayoua watu, inatokeaje, na inatokwaje. Leteni hatua. Majigambo yabaki nyumbani.

Naanza na Mordhau. Pigo lina vipande vitatu: mkono unavutwa, chuma kinaachiwa, mkono unarudi. Mgeni anapangua kwenye kipande cha kwanza, bega likinyanyuka tu. Sasa kinga ya Mordhau haishikiliwi, labda uwe na ngao. Ukibonyeza inafunguka kidogo, inafunga, halafu kuna kimuda uko wazi kama mlango wa duka. Mwenzako anavuta mkono, anakuona umeshapangua, anabonyeza Q kufuta pigo, anakuja na lingine. Kwisha habari. Dawa yake: sahau bega, fuata chuma, na usibonyeze mpaka kianze safari.

KisuButu
Danganya toto hiyo imezika wengi.

binti_ncha
Mzee, "fuata chuma" ni nusu ya dawa. Nusu nyingine ni waburuzaji, yaani wanaochelewesha chuma makusudi kikiwa njiani.

Chuma kikishaachiwa kinafuata macho ya mhusika. Chukua pigo la kukata kutoka kulia kwenda kushoto. Ukigeuza kipanya kushoto pamoja nalo, ncha inawahi. Ukigeuza kulia, kinyume chake, ncha inachelewa, na aliyepangua kwa mazoea anakuta kinga imefunga chuma ndiyo kwanza kinafika shingoni. La utosini ni hivyo hivyo: tazama chini liwahi, tazama juu lichelewe. Na msipandishe kasi ya kipanya mkidhani mtaburuza zaidi, gemu yenyewe ina kikomo cha kugeuka wakati wa pigo. Kasi ikizidi unapoteza ulengaji tu.

Kujitoa ni kazi ya miguu. Kwa anayeburuza, ingia upande chuma kinakotokea. Unaifupisha safari yake na hapo unajua kinafika lini. Kwa anayewahisha, rudi hatua moja nyuma. Watu wengi hufanya kinyume, wanakimbia mburuzaji, yaani wanamsaidia kuchelewesha.

Mzee wa Rungu
Nakazia hapo kwenye miguu.

Pingi Mia Mbili
Mnaongea kama wote tunakaa karibu na seva. Ukichezea Dar au Nairobi kwenye seva ya Ulaya, pingi ikisoma 200 maana yake ni hii: unachokiona kimechelewa kama sehemu 100 za elfu za sekunde, na kitufe chako kinachukua nyingine 100 kufika. Jumla sehemu moja ya tano ya sekunde. Pigo la kuwahishwa linakukuta hujaanza hata kufikiri.

Kinachosaidia: waya badala ya Wi-Fi, kwa sababu 190 iliyotulia ni bora kuliko 120 inayoruka mpaka 260. Mkono unaweza kuzoea kuchelewa, hauwezi kuzoea kuyumba. Kwenye mipangilio ya picha, punguza vivuli na majani mpaka upate picha 60 kwa sekunde bila kushuka. Kwenye 30 kila picha inakaa kama sehemu 33 za elfu, na hizo zinaongezeka juu ya pingi. Tena beba silaha ndefu, mpinzani awe mbali, upate nafasi ya kuona.

Mla Ngao
Au hamia Chivalry 2. Ile kinga unaishikilia, hata mwenye pingi ya mwezini anaishi.

KisuButu
Anaishi mpaka ale teke. Ukishikilia kinga pumzi (akiba ya nguvu ya mhusika wako) inavuja, na teke limewekwa maalumu kwa wanaojificha nyuma ya kitufe. Hiyo gemu ya 2021 ni ya sherehe, watu 64 wanapiga kelele. Ufundi uko Mordhau, ndio waliobuni kuburuza.

Mla Ngao
Waliobuni? Mordhau imetoka 2019. Chivalry ya kwanza, ya 2012, watu walikuwa wanakupa kisogo halafu chuma kinazunguka kinakupata usoni, wanacheza kama wako kwenye ngoma. Na yenyewe imezaliwa na Age of Chivalry ya 2007, iliyotengenezwa juu ya Half-Life 2. Soma kwanza, kaka.

KisuButu
Na ule ulikuwa uchafu, ndiyo maana ukawekewa kikomo cha kugeuka.

Mla Ngao
Basi umekubali ulikuwepo.

binti_ncha
Nyie wawili nendeni uwanja wa watu wawili mkamalizane. Chivalry 2 ina kitu kizuri hamjakitaja: kugonganisha. Mwenzako akija na pigo la utosini, anzisha la utosini, halafu bonyeza kinga chuma chake kikiwa karibu kugusa. Akichoma, anzisha kuchoma. Aina ifanane. Ukifanikiwa hupotezi pumzi kwa kukinga, na zamu inakuwa yako. Kosa la wengi ni kubonyeza kinga mapema, pigo lako linafutika linakuwa kinga ya kawaida.

Mtu wa Daraja
Ngojeni niimwage yote, maana hali mbaya kuliko zote hamjaigusa. Mmoja kwa watatu, Mordhau, mahali pembamba.

Picha ni hii. Wa mbele ana zweihander, upanga mrefu wa mikono miwili, wa pembeni ana ngao, wa tatu hujamwona. Kosa la kwanza ni kusimama. Kimbia. Hawana mavazi sawa ya chuma, kwa hiyo mwepesi atakufikia kwanza na wazito watachelewa. Watatu wamekuwa foleni.

Mwepesi anapiga, unapangua, na papo hapo unajibu. Hapa ndipo pana siri: jibu linalotoka mara baada ya kupangua hubeba kinga wakati mkono wako ukivutwa. Pigo la mtu wa pili likiingia kipindi hicho, nalo linapanguliwa, mradi liko mbele ya macho yako. Kwa hiyo usimkazie macho mmoja. Simama hivi kwamba wote wawili wako ndani ya picha.

Halafu jibu lenyewe usimpe aliyekupiga. Yeye analitegemea, kidole kiko kwenye kinga. Geuza, mpe yule wa pembeni ambaye ndiyo kwanza kapiga hewa na mkono wake unarudi. Huyo hawezi kupangua chochote. Kila ukisogea, mweke mmoja wao katikati yako na mwenzake. Wataogopa kukatana, na wasioogopa watakatana kweli.

Usizuge, yaani usianze pigo ukalifuta. Kuzuga kunakula pumzi, na wakati unamdanganya mmoja, wawili wengine hawakuangalia hata hiyo sinema, wamekata tu.

Sasa pale panapouma. Wawili wako chini. Amebaki mwenye zweihander. Pumzi imebaki kama kumi kati ya mia. Anapiga, unapangua vizuri kabisa, kwa wakati, kwa pembe, na upanga unaruka mkononi. Unabaki na ngumi mbele ya chuma kirefu kuliko mlango. Watu wanalaani gemu. Gemu haina kosa: kila uliyempangua amekula pumzi yako kulingana na uzito wa silaha yake, kila pigo la hewa limekula, na pigo linalopata ndilo linalorudisha. Ukirudi nyuma kuhesabu, utakuta mapigo mawili ya hewa ya mwanzoni, ya pupa. Hayo ndiyo yaliyokunyang'anya upanga dakika moja baadaye.

Mstari wa pumzi ukishuka chini ya thelathini, acha kushambulia, rudi nyuma, zunguka nguzo, ngoja ujae.

Pingi Mia Mbili
Duh. Hiyo ya jibu kubeba kinga nimeisoma mara mbili.

Fundi Pumzi
Nusu ya waliomo humu wamejifunza leo kwamba kupiga hewa kunagharimu.

KisuButu
Ushauri wangu kwa mmoja kwa watatu: toa ile zeze ya kizungu ambayo gemu imeiweka kama silaha, piga muziki. Mara nyingi wanakuacha. Sitanii. Vizuri, natania nusu.

Mwana wa Bohemia
Nyie mnapigana na watu, sisi wa Kingdom Come ya 2018 tunapigana na kompyuta yenye roho mbaya. Unajifunza michanganyiko ya mapigo matatu manne, unaanza la kwanza, jambazi anakurudishia pigo la kibingwa ambalo huwezi kulizuia. Kila pigo unaloanzisha wewe ni tiketi yake.

Kwa hiyo usianze. Nenda kwa kapteni Bernard pale Rattay, mji wa humo ndani ya gemu, akufundishe hilo pigo la kibingwa, halafu tulia. Alama ya ngao ya kijani ikiwaka, bonyeza Q. Basi.

binti_ncha
Ndiyo maana watu wanasema inachosha. Kusimama kungoja taa iwake ni kuvuka barabara, siyo kupigana.

Mwana wa Bohemia
Kama inakuchosha, beba rungu. Aliyevaa chuma mwili mzima, upanga unamkwaruza tu. Kisha msogelee kifua kwa kifua mpaka mkabane. Ukiwa na nguvu kumzidi unamsukuma, na sekunde anayoyumba unampa ya kichwa. Na angalia pumzi yako: ukishikilia kinga hairudi, ikiisha kila pigo linaingia kwenye uhai moja kwa moja.

Fundi Pumzi
Wote mmesahau Dark Messiah. Kule upanga ni pambo, silaha ni teke. Mvute adui mpaka awe na mbao za misumari nyuma yake, au ngazi, au genge. Rudi kinyumenyume yeye akufuate, zunguka nusu duara, teke. Kama una uchawi wa barafu, mwaga sakafuni, lijitu lenyewe linateleza.

Mla Ngao
Teke moja lina heshima kuliko ufundi wote wa KisuButu.

KisuButu
Uwanja wa watu wawili, saa tatu usiku. Njoo na ngao yako.

Pingi Mia Mbili
Seva ya wapi?